Daktari Barafu na Fundi wa Miwani

Duka la miwani lilikuwa limefurika. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wameshalipwa, na kila mwenye jicho bovu alikuwa amekumbuka siku ile ile kwamba haoni. Watoto walivaa fremu za watu wazima wakachekana mbele ya kioo. Kikongwe mmoja aligombana na ubao wa herufi, akiulaumu ubao.

Katikati ya zogo hilo aliingia mwanamke mrefu, gauni la rangi ya zambarau limemkaa kiunoni kama lilishonwa akiwa ndani yake, na miwani iliyofungwa plasta ya hospitali juu ya pua. Fundi wa miwani, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, aliinua macho akasahau mteja aliyekuwa mbele yake.

"Dada, hii miwani umeifanyia upasuaji?"

"Imepigwa teke."

"Na mume?"

"Na mtoto wa miaka minne aliyekataa kulala."

"Wako?"

"Wa watu. Kazi yangu ni kulaza watoto wa watu."

"Ah, yaya."

"Daktari wa usingizi," alisema yule mwanamke, akijikaza asicheke. "Nawalaza kabla ya kupasuliwa."

"Ndiyo maana," fundi akasema. "Tangu uingie humu mimi fahamu sina."

Cheko likamponyoka daktari, watu wakageuka. Fundi alimkalisha kwenye kiti, akamwekea rula kwenye paji la uso kupima nafasi kati ya mboni na mboni. "Niangalie pua." Daktari akaangalia pua. Halafu akaangalia midomo. Fundi alipima mara tatu kitu ambacho hupimwa mara moja, na kikongwe wa ubao akasema kwa sauti, "Huyo ukimpima tena atavaa rula."

Miwani ilikuwa tayari baada ya siku mbili. Simu zilianza siku hiyo hiyo.

"Unaniona?" fundi aliuliza.

"Nitakuonaje kwa simu?"

"Basi miwani niliyokuuzia ni mibovu, irudishe. Na anayeirudisha huwa anakula chakula cha mchana na fundi. Ndiyo sheria ya duka."

"Sheria hiyo imeanza lini?"

"Jumamosi."

Daktari aliirudisha. Akairudisha na wiki iliyofuata. Alikuwa amepita miaka thelathini na mitano, anaishi na mama yake, na alishazoea kurudi nyumbani akinuka dawa na kulala kama gogo. Mama yake, mshonaji mstaafu asiyeweza kukaa na mikono mitupu, alimtazama akijipaka manukato asubuhi ya kazi, akauliza, "Siku hizi wagonjwa wanalazwa kwa harufu?"

Fundi alikuwa ameachana na mkewe. Mke huyo alihamia mji mwingine, akapanda cheo hadi kuwa mkubwa wa benki, na mtoto wao wa kike akabaki na baba kwa makubaliano ya mdomo. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa msemaji mno, baba yake akamwita Chiriku, na hata walimu wakalisahau jina lake.

Siku ya kwanza daktari alipofika kwao, Chiriku alimfungulia mlango akiwa na sweta zito, na nje kulikuwa na jua la kutoa jasho.

"Wewe ndiye wa miwani inayoharibika kila wiki?"

"Ndiye mimi."

"Baba, amekuja! Na ni mzuri kuliko ulivyosema, umempunja!"

Walicheka wote watatu. Baada ya kula, baba akiosha vyombo, Chiriku alimvuta daktari chumbani, akafunga mlango, akainua lile sweta. Mfupa wa katikati ya kifua ulikuwa umezama ndani, kama mtu amebonyeza udongo mbichi kwa ngumi.

"Ukiweka yai hapa linakaa," alisema. "Shuleni wananiita Bakuli. Nikipanda ngazi moyo unagonga kama unataka kutoka. Wamesema nipasuliwe, waingize chuma cha kuinua mfupa. Mimi naogopa. Kuna msichana alifanyiwa, alilia wiki nzima."

Daktari alikaa kitandani. "Uongo sitakwambia. Chuma kile kinauma. Kinasukuma mbavu zote kwa pamoja, na kila pumzi ni kisu. Lakini kwetu tunayo mashine. Ukishalala, namwongoza daktari wa upasuaji, tunagusa mishipa ya fahamu iliyo chini ya mbavu zako kwa kijiti chenye baridi kali, mmoja baada ya mwingine. Mshipa unaganda, unanyamaza. Haufi. Unaota tena polepole, miezi kadhaa. Wakati huo kifua kinapona na wewe huna habari."

"Kwa hiyo utaniweka barafu?"

"Watoto wananiita Daktari Barafu."

Chiriku akashusha sweta. "Ukinitoa hayo maumivu, nakuruhusu uolewe na baba."

Akapasuliwa. Ilikwenda vizuri hata wauguzi wakawa wanakuja kumtazama: siku iliyofuata alikuwa amekaa kitandani, anakula, anasimulia, na alipocheka alishika kifua kwa mazoea, akakuta hakuna kinachouma. Baba yake alimkumbatia daktari kwenye korido mbele ya watu, na daktari hakujitoa.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, daktari alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Njia ile ilikuwa ngeni pale hospitalini, karatasi ya maelekezo ya kwenda nayo nyumbani ilikuwa bado haijachapwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaeleza wazazi. Alipotoka, wameshaondoka. Akachukua simu yake.

"Mpenzi, nisikilize kidogo. Kifua chake kina ganzi. Ngozi ile haisikii baridi wala moto, na itakaa hivyo muda mrefu. Kitu cha moto kisimkaribie. Pasi, chai, mfuko wa maji ya moto. Ataungua na hatajua. Umesikia?"

Dukani kwa fundi kulikuwa na kelele za wateja. "Nimesikia sauti. Ukiongea ya kazi unanimaliza, laazizi."

"Acha mzaha!"

"Nimesikia. Kitu cha moto kisimkaribie. Basi na wewe kaa mbali naye, maana wewe ni moto."

Daktari akacheka. Kucheka huko kulimwaibisha baadaye kuliko kitu kingine chochote.

Majuma mawili hayakuisha. Ikaja mvua ya baridi, na Chiriku akalalamika mgongo, kwa kuwa mwili ulikuwa unazoea kusimama upya. Baba yake aliujaza maji ya moto mfuko wa mpira, akauzungushia kitambaa, akamwekea mgongoni, akampiga busu la paji la uso. Mtoto akalala, akageuka, akaukumbatia mfuko ule kifuani kama mtu anavyokumbatia mto.

Asubuhi alipovua gauni la kulalia, ngozi ilitoka na kitambaa. Chiriku hakulia, kwa maana hakukuwa na kinachomliza. Alitazama tu, akiwa ameduwaa. Aliyepiga ukelele ni baba yake.

Mama mtoto alifika siku hiyo hiyo. Alikuja na suti nyeupe ya suruali, viatu virefu vikigonga sakafu ya wodi, na wakili nyuma yake. Alimwangalia mwanawe kitandani, malengelenge na nyama mbichi kutoka ziwa hadi ziwa, kisha akatoka koridoni walikosimama daktari na fundi.

"Nani alijua kwamba ngozi ya mwanangu haisikii moto?"

Daktari alifungua kinywa. Fundi akamtangulia.

"Mimi sikuambiwa."

Daktari alimgeukia. Alidhani amesikia vibaya.

"Sikuambiwa na mtu," fundi alirudia, na safari hii alimwangalia machoni. "Kazi yake ilikuwa kuniambia. Simu za mapenzi alikuwa na muda wa kupiga. Muda wa kuniambia hilo hakuwa nao."

Muuguzi aliyesukuma kitoroli cha dawa alisimama. Mama mtoto alimtazama daktari kuanzia viatuni, akapanda taratibu hadi kwenye miwani, akasema, "Kumbe ndiye wewe," basi.

Mganga mkuu alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, na siku ile upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Kwa simu."

"Simu ya hospitali?"

"Yangu."

"Nani alikuwapo?"

"Hakuna."

"Ulimpigia kama daktari, au kama mpenzi wake?"

Daktari akasimamishwa kazi hadi uchunguzi ukamilike, na mashine ya kugandisha ikafungiwa stoo, kwa sababu hakuna aliyetaka kuigusa kukiwa na wakili getini.

Fundi alipiga simu jioni. Daktari aliiacha ikaita, ikaita tena, akapokea.

"Nakumbuka kila neno ulilosema," fundi alisema bila salamu. "Nataka ujue hilo. Kila neno."

"Basi kayaseme."

"Mama yake anasubiri neno moja tu. Nikisema niliambiwa, nimemuunguza mwanangu kwa uzembe, anamchukua kesho. Nisiposema, ni kosa la hospitali, mtoto anabaki. Mpenzi, wewe utapata kazi nyingine. Mimi nitampata wapi mtoto mwingine?"

"Na watoto wangu?" Daktari alikuwa anawafikiria wale waliopangiwa upasuaji wiki ile.

"Huna watoto," fundi alisema.

Fundi mwenyewe alisikia alichosema, akaanza, "Sikukusudia..." lakini simu ilishakatwa.

Mama yake daktari alimkuta bintiye amekaa ukingoni mwa bafu, viatu mguuni. Alimvua viatu, kimoja kimoja, akaondoka navyo.

Miongoni mwa waliokuwa wamepangiwa alikuwamo mvulana mwenye uvimbe kwenye mbavu. Daktari alikuwa amemkalisha magotini, akamwahidi kwamba akiamka hataumia. Uvimbe haungoji uchunguzi. Mvulana akapasuliwa, mbavu mbili zikatolewa, na barafu hakuipata. Muuguzi wa wodi, rafiki yake daktari, alimpigia: "Usije, dada yangu. Lakini mama yake anakuulizia. Anasema uliwaahidi."

Daktari hakulala vizuri siku zile, lakini alipolipata wazo alilifikiria akiwa macho makavu, mchana, mbele ya kioo, akichana nywele. Alijua vizuri anachotaka kufanya na nani ataumia. Alijua kuna mtoto mwingine atakayelipa. Akachukua simu.

"Njoo wodi ya watoto kesho asubuhi," alimwambia fundi. "Ukija, nitajua uliwahi kunipenda."

Alikuja. Alikuwa na shati jeupe alilolipiga pasi, na kwenye uso wake kulikuwa na tumaini, maskini. Alifikiri ameitiwa suluhu. Daktari alimsalimia kwa kichwa, akamshika mkono wa shati, akamsimamisha nje ya mlango wa chumba cha mwisho, ulioachwa wazi kidogo.

Ndani, mtaalamu wa mazoezi alikuwa anambembeleza mtoto. "Kohoa, baba. Kohoa kidogo tu, shujaa."

"Siwezi."

"Mara moja."

Ikaja sauti isiyofanana na kikohozi. Ilikuwa kama mbao inapasuka, na baada yake mlio mwembamba, mrefu, wa mtoto asiyethubutu kulia kwa kuwa kulia nako kunatumia mbavu.

"Asipokohoa mapafu yatajaa," daktari alisema kwa sauti ya chini, sauti ya darasani. "Akikohoa, kidonda kinavutwa. Sindano amepewa hadi mwisho, ikizidi ataacha kupumua. Mashine iko stoo, mwisho wa korido hii. Ina kufuli."

"Nimeelewa," fundi alisema. "Twende."

"Sijamaliza."

"Twende, nakuomba."

Daktari alimshikilia mkono wa shati. Fundi alikuwa mwanamume mwenye nguvu, angeweza kuuvuta mkono wake, hakuuvuta. Wakasimama. Mtoto alikohoa tena, akatapika, na walipomsogeza kumbadilisha shuka akaanza kuuliza swali, neno moja kwa kila pumzi: "Mama... kosa... langu... nini?"

Mama yake alimfuta mdomo.

Fundi aliuegemea ukuta, akateleza polepole hadi akakaa sakafuni, shati jeupe na yote. "Unanichinja," alisema.

Daktari alimtazama kutoka juu. Alimpenda wakati ule kuliko siku zote, na hakumwinamia.

Kesho yake fundi alikwenda kwa mganga mkuu, akamkuta mama mtoto na wakili, akasema yote: maneno ya simu, mzaha wake, mfuko wa maji ya moto, uongo wa koridoni. Mama mtoto hakupandisha sauti. Alifunga mkoba wake, akasema, "Asante. Hilo ndilo nililolihitaji."

Daktari alirudishwa kazini na karipio la maandishi kwa kuchanganya mapenzi na kazi. Kufuli likatolewa. Watoto waliofuata walipata barafu yao, wakaamka wakiomba juisi. Mvulana wa uvimbe hakuifaidi. Alikohoa kwa maumivu siku zote alizolazwa, akaenda nyumbani amekonda, na alipopishana na daktari mlangoni alijificha nyuma ya gauni la mama yake.

Kesi ya kumgombea Chiriku haikuchukua muda; akapewa mama yake. Aliruhusiwa kumwona baba yake wakati wa likizo, akitaka mwenyewe.

Daktari alikuwa kantini ya hospitali alipopigiwa simu na namba asiyoijua.

"Daktari Barafu."

"Chiriku! Mwanangu, kidonda kinaendeleaje?"

"Mimi si mwanao." Sauti ilikuwa ile ile, lakini maneno yalikuwa yamepunguzwa. "Baba alisema uongo ili nibaki naye. Wewe ndiye uliyemfanya aseme ukweli. Ameniambia, kuhusu ule mlango."

"Kulikuwa na watoto wengine, Chiriku. Walikuwa wanaumia."

"Na mimi ni mtoto."

Daktari alifumba macho.

"Huku hakuna mtu wa kuongea naye," Chiriku alisema. "Mama anarudi nimelala. Likizo naruhusiwa kwenda kwa baba. Lakini nikikukuta kwake, sitakanyaga tena. Hata akifa. Yeye hatakuacha, namjua, anakupenda kama mjinga. Wewe umwache. Na usimwambie nimekupigia. Ukimwambia nitakana, na atanisadiki mimi."

"Chiriku..."

"Ulisema utanitoa maumivu," mtoto alisema, akakata.

Jumapili iliyofuata fundi alibisha hodi kwa kina daktari. Alivaa suti ya buluu iliyokoza ambayo ilikuwa imemzidi, maana alikuwa amepungua. Ndevu amenyoa, na shavuni kuna mkato wa wembe. Mama mtu alimkaribisha, akamtazama, akakusanya mshono wake na kujitia kazi jikoni.

"Nimekuja kukuchumbia," fundi alisema, "na nimekuja kukuchukia. Njiani nilikuwa sijui lipi litatoka kwanza."

"Keti."

Hakuketi. Alitoa pete mfukoni, haina hata kisanduku, akaiweka juu ya meza, kwenye kitambaa alichokidarizi mama. "Ulijua kwamba nikisema ukweli nitampoteza?"

"Nilijua."

"Uliponisimamisha pale?"

"Nilijua kabla hujafika."

Alipumua kwa nguvu, kama aliyepigwa. Kisha akamshangaza: akacheka kidogo. "Basi tumejuana. Nani mwingine nitamweleza haya, mpenzi? Kila nikifungua duka nakuona kwenye kile kiti. Nilikutupa mbele ya watu, ukanilipa. Naomba tuishie hapo. Likizo ijayo Chiriku atakuja, atakuzoea tena. Alikupenda kabla yangu."

Daktari aliitazama pete. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa yamefika kooni: mwanao amenipigia simu. Akafikiria mtoto wa kike anayengoja likizo katika nyumba ambayo mama hurudi mtoto ameshalala.

"Sikupendi," alisema.

"Mwongo."

"Nilikupenda. Ikafa pale koridoni. Nilipokuita wodini nilitaka kazi yangu tu, nikakutumia, ukatumika." Aliisukuma pete kwa kidole kimoja hadi ukingoni mwa meza. "Uliniambia sina watoto. Kweli. Wala wa mtu mwingine sitaki kumlea, hasa yule mwenye kovu."

Neno hilo la mwisho alilichagua makusudi, kwa kuwa alijua hakuna baba anayelisamehe. Aliona linavyoingia. Uso wa fundi ulijifunga taratibu. Aliichukua pete, akaikosa, ikaanguka chini ya kochi, akapiga magoti na suti yake kuitafuta, na daktari akamtazama akiitafuta bila kumsaidia. Alipoipata alisimama, akajifuta vumbi.

"Nilidhani mimi ndiye mkatili," alisema.

Mlango ulifungwa bila kishindo. Hatua zikashuka ngazi, zikasimama katikati kwa muda, halafu zikaendelea.

Mama alitoka jikoni. Alikuwa amesikia kila neno; nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Alikaa kwenye kochi karibu na bintiye, akamvua miwani kwa mikono miwili, taratibu, akaikunja na kuiweka mezani.

"Umemdanganya yule mtu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili ya nani?"

Daktari alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama anavyokaa na wazazi wa wagonjwa anapowapa habari mbaya, na kidevu kilikuwa kimeanza kumtetemeka.

"Basi lia, mwanangu," mama yake alisema. "Hapa hakuna mgonjwa."